Kumfundisha Mtoto Herufi na Utaratibu Wake

Hakuna mtu awezaye leo kueleza kwa yakini kwa nini A ilitangulizwa mbele ya B, wala kwa nini M iliketishwa baina ya L na N isikae mahali pengine. Utaratibu wa herufi tunazoandikia Kiswahili haukufuata sauti, maana irabu zetu tano zimetawanywa huku na huku kati ya konsonanti, A mwanzoni kabisa na U karibu na mwisho. Wala haukufuata maumbo, maana b na d, ambazo macho ya mtoto huziona kuwa kitu kimoja kilichogeuzwa, zimetengwa na c isiyofanana na yoyote katika hizo mbili. Ni mapatano ya watu wa kale, yaliyoanzia kwa Wafinisia wa pwani ya Shamu, yakapita kwa Wayunani na Warumi, yakatufikia sisi kwa mikono ya wachapaji na wamisionari. Nayatanguliza haya kwa sababu mafundisho ya watoto wengi huanzia hapo hapo penye kitu kisichokuwa na sababu, na mzazi hushangaa baadaye akiona mtoto aliyehifadhi herufi zote kwa ghibu anashindwa kusoma neno dogo kama “kuku”. Rai yangu ni kwamba sauti itangulie, silabi ifuate, na utaratibu uje nyuma yake. Nao utakapokuja, ufundishwe kuwa njia ya kutafutia kitu kimoja katika wingi wa vitu, usiwe tumbuizo la wageni.

Wimbo wa herufi sina ugomvi nao. Mtoto wa miaka mitatu au minne hupenda kuimba, na akiimba a, b, c mpaka mwisho huwa furaha nyumbani. Lakini ni vema mzazi ajue kwamba alichokipata mtoto ni wimbo, na kwamba baina ya wimbo ule na kusoma pana masafa marefu. Katika wimbo wa Kiingereza ulioenea katika shule nyingi za chekechea za kwetu, l, m, n, o na p huimbwa kwa pumzi moja ya haraka, hata watoto wengi huzidhani kuwa ni neno moja, “elemenopi”, na ukiwauliza elemenopi ni mdudu gani hawakosi jibu. Mtihani wa kupambanua ni mwepesi: mwandikie mtoto herufi tano katika karatasi bila ya utaratibu wowote, umwoneshe moja moja, umwulize sauti yake. Akilazimika kurudi A na kuimba mpaka aifikie, herufi ile bado hajaijua. Amejua njia ya kuifikia tu.

Jambo linalofuata, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, ni majina ya herufi. Watoto wetu wengi hufundishwa kuziita herufi kwa Kiingereza kabla ya kutambua kwamba lugha ziko mbili. Mtoto huambiwa kuwa A jina lake ni “ei”, E jina lake ni “i”, na I jina lake ni “ai”. Kisha hutakiwa asome Kiswahili, ambamo A ni a, E ni e, na I ni i, siku zote na kila mahali. Hasara yake huonekana katika daftari. Mwalimu huamuru darasa liandike “kiti”, na mtoto mwenye bidii, ambaye masikio yake hayana kasoro yoyote, huandika “kete”, kwa sababu katika kumbukumbu zake herufi yenye sauti ya i ni E. Mwalimu asiyekuwa na subira humhesabu kuwa mzito wa akili, ilhali mtoto ametumia akili yake sawasawa na kosa ni la waliomfundisha. Kwa hiyo nyumba ambayo Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza na iziite irabu kwa sauti zake za Kiswahili tangu mwanzo. Majina ya Kiingereza yatakuja pamoja na Kiingereza chenyewe, na mtoto atayapokea bila ya taabu maadamu msingi wake umekwisha kuwa imara. Hadhari hii yawahusu vilevile wasemao Kiswahili wa Kongo, ambao watoto wao shuleni hukutana na u ya Kifaransa isiyokuwa u ya nyumbani.

Konsonanti nazo zina shida yake, maana hazitamkiki vizuri peke yake. Asemaye “be” ametia e ndani yake, asemaye “bi” ametia i, na mtoto akiambiwa aunganishe “be” na “a” apate “ba” huona kwamba anadanganywa, na haki iko upande wake. Dawa imo katika tabia ya lugha yetu. Silabi za Kiswahili, isipokuwa katika akali ya maneno ya mkopo kama “labda” na “daktari”, na isipokuwa m na n zinaposimama zenyewe kama katika “mtu” na “nchi”, humalizikia katika irabu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtaabisha mtoto kwa b iliyotengwa na wenziwe, bali apewe irabu tano mpaka azizoee, kisha apewe “ba, be, bi, bo, bu” kwa pamoja, ajionee mwenyewe kilichobaki na kilichobadilika. Njia hii si ngeni. Walimu wa chuoni waliifuata katika kufundisha herufi za Kiarabu tangu kabla ya shule za serikali kuwako, wakimhijisha mtoto kila herufi pamoja na fataha, kasra na dhuma yake.

Ila ya njia hiyo, chuoni na shuleni sawasawa, ni kwamba mkariri aweza kukariri bila ya kutazama. Mtoto aliyekaa mbele ya ubao kwa muda mrefu huweza kusema “ba be bi bo bu, cha che chi cho chu” akiwa amefumba macho, na apitaye nje ya darasa akadhani kuwa ndani mna wasomaji, kumbe nusu yao hawasomi. Mwalimu mwenye busara huanza na “bo”, akaruka penye “bi”, akarudi “ba”, na ncha ya kijiti chake haijulikani itatua wapi. Mara nyingine huwapa watoto kijiti waoneshe wao, na yeye akatamka kwa makosa ya makusudi ili wamsahihishe. Sijaona furaha darasani iliyo kubwa kuliko ya watoto wanaomsahihisha mtu mzima.

Huulizwa herufi zipi zianze. Si lazima zianze kwa A na kwisha kwa Z, kwa kuwa utaratibu ule haukuwekwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. A yenyewe yastahili kutangulia, lakini ni kwa kuwa ndiyo irabu ipatikanayo mno katika maneno yetu. Na baada ya irabu, m, b, k, d na t zina haki kubwa kuliko f na v, maana humpa mtoto mara moja mama, baba, kaka, dada, bibi, babu, kuku na bata, yaani takriban wote awaonao uani kwao. Ila b na d zisifundishwe katika juma moja. B itangulie, isomwe na kuandikwa mpaka iwe mali ya mtoto. D ije baada ya majuma kadhaa, na p ingoje zamu yake, kwa sababu zote tatu ni kijiti na tumbo, na kinachozitenga ni upande wa tumbo na mahali pa kijiti tu. Mtoto tangu azaliwe hajapata kuona kitu ambacho jina lake hubadilika kikigeuzwa: kikombe hubaki kikombe, mkono wake uelekee kulia au kushoto. Basi mtu asimcheke akiona barua iliyokusudiwa “dada” imekwenda kwa “baba”. Amwulize kwa upole, tumbo liko upande gani?

Swali hilo ndilo lile lile waulizalo walimu wa chuoni kwa namna yao. Utaratibu wa alifu, be, te tunaoujua leo ulipangwa kwa kufuata maumbo, hata be, te na the, ambazo umbo lake ni moja, zikakaa pamoja, jimu, he na khe kadhalika, dali na dhali kadhalika. Na kinachozipambanua ni nukta. Kwa hiyo mwalimu haachi kuuliza: nukta ngapi, na ziko juu au chini? Mtoto wa Unguja, Mombasa au Lamu, aendaye shuleni asubuhi na chuoni alasiri, hushika hati mbili kwa wakati mmoja, moja ikitoka kulia na moja ikitoka kushoto, na wako wazazi wanaoogopa kwamba akili yake itachanganyikiwa. Sioni sababu ya hofu hiyo. Akianza mstari wa Kiswahili upande wa kulia wa ukurasa, huo si ugonjwa; mchoree ua dogo upande wa kushoto, pa kuanzia, na baada ya muda ua halitahitajiwa tena. Kisichofaa ni kumfundisha hati zote mbili katika kikao kimoja.

Kuhusu vifaa sina maneno mengi. Mchanga wa ufuoni, kijiti, kunde za kupangia herufi juu ya mkeka, mkaa na kipande cha boksi lililokatwa, vyatosha kwa mwaka mzima, na hakuna sababu ya mzazi mwenye kipato kidogo kujiona mnyonge kwa kukosa michezo ya dukani. Herufi ndogo zitangulie, kwa kuwa ndizo zilizojaa katika vitabu. Kubwa zije pamoja na jina la mtoto mwenyewe, ambalo lina heshima yake pekee na halingoji zamu. Hata likianza kwa Z, au kwa kh ambayo wengi wamesahau kuitamka, liandikwe juu ya kitanda chake mapema, maana hilo ndilo neno ambalo mtoto hachoki kulitazama.

Sasa nauendea utaratibu. Mtoto akisha kusoma maneno mafupi bila ya kusaidiwa, jambo ambalo kwa aghalabu huwa katika mwaka wake wa sita au wa saba, abjadi yaweza kuwekwa mbele yake yote, herufi 26, pamoja na q na x ambazo maneno ya Kiswahili hayazihitaji lakini majina ya watu, ramani na hesabu huzileta, na pamoja na c ambayo kwetu haitembei bila ya h. Usiiache ikae akilini mwake kuwa uzi mmoja mrefu. Igawe katika mafungu manne: A mpaka F, G mpaka L, M mpaka S, T mpaka Z, ajue kila herufi iko katika fungu gani kabla ya kujua nafasi yake hasa ndani ya fungu. Kisha muulize juu ya majirani. Nani anafuata baada ya K? Swali hilo ni jepesi, kwa kuwa wimbo hukimbia kwenda mbele. Nani yuko kabla ya K? Hapo watoto wengi hunyamaza, macho yakapanda darini, midomo ikaanza kuimba kimya kimya kutoka A. Nawe umwache aimbe, lakini siku nyingine umwombe aanzie G, na siku ya tatu aanzie I, mpaka uwezo wa kurudi nyuma uwe mwepesi kama wa kwenda mbele. Mtu asiyeweza kurudi nyuma katika abjadi hupata shida kubwa mbele ya kamusi, maana kitabu kikifunguliwa hakijali kimefunguka wapi.

Mtoto mdadisi atauliza kwa nini, na yeye si wa kunyamazishwa. Yapo mambo machache ambayo sababu yake yajulikana. J ilizaliwa na I, ndiyo maana imekaa ubavuni mwake. U, V na W asili yake ni herufi moja, ndiyo maana zimepanga mstari. Y na Z Warumi walizichukua kwa Wayunani baadaye, wakaziweka mwisho zinakowekwa zinazochelewa. Na mtoto aliyesoma chuoni anaweza kuoneshwa ajabu iliyo nzuri kuliko hizo. Kabla ya alifu, be, te, Waarabu walikuwa na utaratibu mwingine, wa abjadi, ambao mpaka leo hutumika katika kuzihesabia herufi thamani, alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne. Na ndani ya utaratibu huo mna fungu la kafu, lamu, mimu, nuni, na baadaye fungu la kafu ya kooni, re, shini, te. Mwambie azitazame herufi zake za shuleni: K, L, M, N, na tena Q, R, S, T. Ukoo ni mmoja, umegawanyika zamani mno, nao umehifadhi mafungu hayo mawili kwa maelfu ya miaka. Nimeona kijana wa miaka kumi akilikimbilia daftari lake kuhakikisha jambo hilo, asiamini mpaka alipoandika hati zote mbili, moja chini ya nyingine.

Lakini historia ni kitoweo. Chakula chenyewe ni kazi. Utaratibu wa herufi haushiki mpaka mtoto autumie kupanga vitu vyake mwenyewe, na vitu vyenyewe viwe vya kushikika. Katika nyumba moja ya Unguja nilimtazama binti wa miaka saba aliyepewa na mama yake makopo ya viungo, kila kopo likiwa na kibandiko alichokiandika yeye: bizari, iliki, karafuu, kungumanga, manjano, mdalasini, tangawizi. Aliyamwaga makopo sakafuni, akaipata bizari mara moja akaiweka kushoto kabisa, akaiweka tangawizi kulia kabisa, akaiingiza iliki kati, kisha akasimama. Karafuu na kungumanga zote mbili zilikuwa na K mbele, akayashika makopo mawili, moja mkono huu na moja mkono huu, akawa anayapima. Mama yake, ambaye alikuwa akipepeta mchele, hakumwambia la kufanya; alimwuliza tu, “Zinaachana wapi, mama?” Binti akapeleka kidole kwenye herufi ya pili, akaona a na u, akaliweka kopo la karafuu kwa kishindo. Penye manjano na mdalasini hakusimama tena.

Kazi ilipokwisha, bibi yake akaingia jikoni, akavaa miwani, akasoma mstari mzima, akatikisa kichwa. “Umekosa hapa, mjukuu wangu. Mdalasini ni mti. Tunachotia katika pilau ni dalasini.” Mama mtu akasema kwamba siku hizi watu husema vyote viwili. Lakini binti alikuwa amekwisha kubandua kibandiko, akakata m, na kopo lililokuwa la pili kutoka mwisho likahama likaenda kuketi ubavuni mwa bizari, na makopo manne yakasukumwa nafasi moja kila moja. Katika dakika ile alijifunza kwamba abjadi haikijui kitu wala ladha yake, huyajua maandishi yake tu, na kwamba herufi moja iliyoongezwa mbele ya neno huweza kulihamisha kutoka mwanzo wa safu mpaka karibu na mwisho.

Baada ya makopo yaje maneno matupu, na kanuni ni mbili tu. Ya kwanza ni ile ya mama yule: herufi za mwanzo zikilingana, tazama za pili, za pili zikilingana, tazama za tatu, na usichoke. Mpe mtoto “babu”, “bahati”, “baba” na “bahari”, ambayo ni maneno ayajuayo yote, nawe utamwona akifikia herufi ya nne kwa mawili na herufi ya tano kwa mawili mengine kabla ya kuyapanga: baba, babu, bahari, bahati. Ya pili ni kwamba neno lililokwisha hulitangulia lile linaloendelea, kwa hiyo “kata” iko mbele ya “kataa”. Sh, dh, th na gh zisimbabaishe. Katika kamusi nyingi huhesabiwa herufi moja moja, na “shamba” huja baada ya “sema” na kabla ya “simba”. Watoto wa ufuoni wanaweza kupanga samaki, changu, dagaa, fulusi, jodari, kolekole, nguru, papa, pono, pweza, tasi, na wakakesha wakitafuta samaki wa E. Wa bara wana wanyama na miti yao. Zoezi hili lina nasaba bora kuliko inavyodhaniwa, maana washairi wa pwani wa zamani walitunga mashairi yaliyofuata alifu, be, te tangu mwanzo mpaka mwisho, na Zaburi ya 119 imepangwa katika mafungu 22, idadi ya herufi za Kiebrania, kila fungu aya nane.

Nafika sasa penye ugumu ambao vitabu vya mafundisho vilivyoigwa kutoka Ulaya havina habari nao. Mtoto wa Kiingereza akijua abjadi yake na kanuni zile mbili, takriban amekwisha kuijua kamusi. Mtoto wa Kiswahili bado. Akikutana kitabuni na “vitabu” akalitafuta neno hilo katika V hataliona, kwa sababu limewekwa katika K, penye “kitabu”. “Macho” limo katika J, penye “jicho”, na “meno” limo humo humo, penye “jino”. “Nyuso” limo katika U, penye “uso”. “Mzuri” na “kizuri” na “nzuri” yote yamo katika Z. Na “wamekula”, neno refu lenye herufi nane, limo katika L kwa jina la herufi mbili tu, “la”. Neno la Kiswahili huvaa mbele, na abjadi husoma kuanzia mbele. Basi kabla ya kulitafuta, sharti livuliwe. Kazi ya kulivua si kazi ya herufi, ni kazi ya sarufi, lakini mtoto ameijua sarufi hiyo tangu anyonyeshwe na kinachotakiwa ni kumwonesha kwamba anaijua. Muulize: vikiwa viwili ni vitabu, kikiwa kimoja je? Atasema kitabu kabla hujamaliza. Muulize: wamekula, wanakula, watakula, ni nini kisichobadilika? Atafikiri kidogo, atasema “kula”, nawe umwambie kwamba ku ni ya kuvulia vilevile. Mazoezi ya namna hii kwa robo saa, mara mbili au tatu kwa juma, kabla ya kumpa mtoto kamusi yoyote, humwokoa na ile huzuni ya kukifungua kitabu kinene, kutafuta kwa uaminifu, na kuambiwa na kitabu kwamba neno alilolisikia kwa masikio yake haliko.

Kamusi zenyewe nazo hazilingani. Ile ya Frederick Johnson ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyotolewa mwaka 1939, na ambayo ingali katika rafu za wazee wengi, hukusanya majina mengi chini ya vitenzi vilivyoyazaa, hata mwenye kutaka habari za “mpishi” apaswa kwenda kwa “pika”. Ni hekima kwa mtaalamu, lakini ni mtego kwa mtoto. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1981, huyapa majina kama hayo nafasi zake katika mfuatano wa herufi, na kwa mwanafunzi anayeanza ndiyo njia nyepesi. Kwa kamusi ya namna hiyo mfundishe mtoto kupima kwa dole gumba. Sehemu ya M ndiyo nene kuliko zote, kwa sababu ya watu wetu na miti yetu, waanzao kwa m. Ajizoeze kukifungua kitabu mara moja penye M, kisha ajue K na L ziko mkono wa kushoto na N mpaka Z mkono wa kulia. Watoto wakishindana kukifungua kitabu karibu na herufi iliyotajwa, bila ya kupekua, mchezo huo peke yake hufanya kazi ya masomo mengi.

Neno kidogo kwa walimu wa shule kuhusu daftari la mahudhurio. Mkiwapanga watoto kwa abjadi, waambieni kama mmefuata jina la mtoto au jina la baba, kwa kuwa mtoto anayejitafuta katika orodha bila ya kujua hilo hupotea bure. Na wakumbukeni akina Zainabu na Zuhura, ambao tangu darasa la kwanza huitwa mwisho, hupewa vitabu mwisho, na hupewa kile kilichochanika. Siku moja moja orodha na isomwe kutoka chini. Haki itatendeka, na darasa zima litajifunza abjadi ya kurudi nyuma bila ya kujua kuwa limefundishwa.

Kwa jumla masomo haya yawe mafupi. Mtoto wa miaka mitano hana wasaa wa moyo zaidi ya dakika kumi au robo saa, na anayelazimishwa kukaa zaidi hujifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba herufi ni adhabu. Kiboko hakijapata kumfundisha mtu tofauti ya b na d. Mtoto anayechelewa kuliko mwenziwe wa jirani asitajiwe jirani. Na anayechelewa sana, baada ya miaka miwili ya mafundisho ya upole, apelekwe kwanza kupimwa macho na masikio, kabla ya mtu yeyote kusema habari za akili yake.

Na mwenye kamusi nyumbani asiifungie kabatini pamoja na vyombo vya sikukuu. Aiweke mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, na siku mtoto atakapouliza maana ya neno, ajizuie kumjibu papo hapo hata kama jibu analo ulimini; amwambie alitafute, akae kando yake mpaka alipate, na ukurasa ukichanika katika kupekua, aununulie gundi.